Homa na Hamamu

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Ahero na Katito, ukishaipita Kendu Bay, utauona mlima umesimama kando ya Ghuba ya Winam. Ramani zinauita Homa. Waluo husema Got Uma. Anayelisikia jina la ramani kwa sikio la Kiswahili huona kitanda, blanketi na dawa ya malaria. Ni sadfa tu, maana jina halikutoka katika Kiswahili. Lakini sadfa yenyewe ni tamu, kwa kuwa chini ya mlima huo, Abundu na Bala, maji hutoka ardhini yakiwa ya moto.

Homa ni volkano iliyozimika. Zamani ilimwaga zaha iliyojaa kaboneti, ya ukoo mmoja na ile ya Ol Doinyo Lengai kule Tanzania. Moto wa juu ulikwisha, joto la chini likabaki. Maji ya mvua huzama kwenye nyufa, hukutana na miamba yenye joto, kisha hupanda tena yakiwa yamebeba chumvi za mwamba. Yakikauka juu ya jiwe huacha ukoko mweupe. Chumvichumvi ya namna hiyo, ambayo ng'ombe hupenda kuilamba, Waluo huiita bala, na ndilo jina la chemchemi mojawapo.

Kwa joto lenyewe tuna istilahi mbili. Magazeti ya Kenya huandika kawi ya mvuke, Watanzania husema jotoardhi. Kawi ya mvuke inafaa Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981 na mvuke unauona kwa macho ukifuka juu ya mabomba. Homa hakuna tabo, hakuna mabomba. Hapo nachagua jotoardhi bila kusita, kwa sababu neno hilo linataja chanzo, liwe limezaa umeme au halijazaa.

Olkaria hiyo hiyo, mwaka 2013, kampuni ya umeme ya KenGen ilifungua bwawa la kuogea. Mvuke ukishatengwa kwenda kuzungusha tabo, hubaki maji ya moto yenye madini. Hupozwa, yakajaza bwawa la samawati ya maziwa. Mahali hapo panaitwa spa. Spa ni mji wa Ubelgiji, maarufu kwa chemchemi zake za maji ya madini. Kwa hiyo tunapoliazima neno hili tunaazima jina la mji wa watu wengine wenye kitu kile kile kinachobubujika Abundu!

Nasi tunalo letu, tena la siku nyingi: hamamu. Unguja, Mji Mkongwe, kuna mtaa unaitwa Hamamni kwa sababu ya nyumba ya kuogea iliyojengwa enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Watu walilipa wakaoga humo, vyumba vya moto na vya baridi. Neno limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa joto, na mzizi huo ndio uliotupa homa. Waarabu huita hata chemchemi ya maji moto hamma. Homa na hamamu ni ndugu wa tumbo moja: joto linalomlaza mtu, na joto analolifuata mwenyewe ili apone uchovu.

Vitenzi pia vipo, havihitaji kutafutwa. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto. Mwenye mafua hujifunika shuka akajifukiza juu ya chungu cha majani. Chumba cha mvuke katika hoteli yoyote ya Kisumu kingeweza kuandikwa Mafukizo mlangoni, na mama yeyote wa hapa angejua kinachofanyika ndani.

Majimoto liachiwe maji yenyewe, kama walivyofanya watu wa Narok na wa Katavi walioyapa makazi yao jina hilo. Hamamu liwe la jengo. Siku mwekezaji atakapojenga Abundu, ningependa kibao kisomeke Hamamu ya Abundu, na chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, maneno ya Dholuo ya wenye mahali: pi maliet.