Taroti: Historia ya Kuzisoma Karata kwa Mafungamano Yake

Maneno ya Kiswahili yahusuyo mchezo wa karata yametoka kwa sehemu kubwa katika Kireno. Karata ni carta. Turufu ni trunfo. Na kopa, uru, shupaza na pau ni copas, ouros, espadas na paus, yaani vikombe, dhahabu, panga na magongo. Katika karata zichezwazo sasa pwani hakionekani kikombe wala upanga, kwa kuwa picha zake ni za namna ya Kifaransa. Lakini majina yamehifadhi aina nne za karata za kale za kusini mwa Ulaya. Aina hizo ndizo zilizomo katika taroti, karata ambazo watu wengi wa Ulaya na Marekani huzitumia kwa kuagulia. Uaguzi huo wastahili kuchunguzwa na wanalugha, maana ndani yake limo swali lao wenyewe: je, maana hukaa katika alama moja moja, au huzaliwa alama zinapokaa pamoja?

Taroti ilianza kaskazini mwa Italia katika nusu ya kwanza ya karne ya 15. Karata zake ni 78: 56 za aina nne, na 22 za picha, miongoni mwazo Mpumbavu, Kifo, Mnara na Jua. Hizi 22 ziliitwa trionfi, neno lenye asili moja na trunfo, na kazi yake, isipokuwa ya Mpumbavu, ilikuwa ile ile ya turufu, kuzila karata nyingine. Kwa muda wa karne tatu hivi taroti ilikuwa mchezo. Miongoni mwa hati za mwanzo kabisa zinazozipa karata hizo maana za uaguzi ni ile ya Bologna, ya karibu na mwaka 1750, nayo huipa kila karata maelezo mafupi tu.

Mwaka 1781 Antoine Court de Gébelin alitangaza huko Ufaransa kwamba taroti ni kitabu cha makuhani wa Misri ya kale. Hata jina lenyewe alilipasua: tar, alisema, ni njia, na ro ni mfalme. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri. Champollion aliufumbua mwandiko huo mwaka 1822, na asili hiyo ya neno haikupata ushahidi wowote. Hata hivyo dai hilo lilienea, mpaka Michael Dummett alipolipinga kwa hati na tarehe katika kitabu chake cha mwaka 1980.

Sanaa ya kuzifunganisha karata ina watungaji wanaojulikana. Wa kwanza ni Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake likawa Etteilla. Kitabu chake cha mwaka 1770 kilihusu karata za kawaida, 32 pamoja na moja ya mwenye kuaguliwa. Taroti aliishughulikia baadaye, kati ya 1783 na 1785. Kwake, karata za cheo kimoja zikitokea mbili, tatu au nne, fungu hilo lina maana yake. Jedwali la namna hiyo limo hata katika kitabu cha A. E. Waite cha mwaka 1911, ambamo wafalme wanne ni heshima kubwa na watatu ni mashauriano. Maana hiyo haipatikani kwa kujumlisha maana za wafalme mmoja mmoja, kama vile maana ya kupiga chuku isivyopatikana kwa kujumlisha kupiga na chuku. Hii ni nahau.

Njia ya pili ni ya Hermetic Order of the Golden Dawn, chama cha siri kilichoanzishwa London mwaka 1888. Magongo yalihesabiwa kuwa moto, vikombe maji, panga hewa, na dhahabu ardhi. Karata iliyozungukwa na jamaa zake huzidi nguvu, kwa heri au kwa shari. Iliyozungukwa na adui zake hudhoofika, na adui wa moto ni maji, wa hewa ni ardhi. Hapa jirani hufanya kazi ya kivumishi: hukuza au hupunguza, wala halibadilishi jina.

Njia ya tatu ni ya mahali. Katika mpango wa karata kumi alioueneza Waite, kila nafasi ina swali lake: kizuizi, yaliyopita, yajayo, mwisho wa jambo. Mnara katika nafasi ya yaliyopita ni msiba uliokwisha. Katika nafasi ya yajayo ni onyo. Ndivyo ilivyo katika “simba amemwua chui” na “chui amemwua simba”: maneno ni yale yale, na aliyekufa si yule yule.

Tofauti na ramli ijulikanayo pwani ni kubwa. Katika ramli maumbo ni 16, kila moja safu nne za nukta moja au mbili, na maumbo mawili yakijumlishwa safu kwa safu huzaa la tatu: jumla ikiwa witiri huandikwa nukta moja, ikiwa shufwa mbili. Waaguzi wawili walioanza na maumbo manne yale yale hufikia umbo moja la hukumu, hata wakihitilafiana katika kulieleza. Karata mbili za taroti hazizai ya tatu. Kiungo hutiwa na msomaji, kwa kanuni alizorithi.

Kanuni hizo ni sarufi iliyotungwa katika Paris na London, na umri wake hauzidi sana miaka 250. Asiyetazama hati atasikia tar na ro na kujenga hekalu zima juu ya silabi mbili. Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye kila siku hukutana na maneno yanayofanana kwa sauti na kutofautiana kwa nasaba, ana sababu ya kulikumbuka kosa la Court de Gébelin: turufu imethibitishwa kuwa trunfo kwa njia ya historia, wala si kwa sikio peke yake.