Kivunja au Kikunja: Juu ya Chuma cha Pili cha Randa

Neno randa asili yake ni Kiajemi, na mafundi wa Kihindi nao hulitamka karibu vivyo hivyo. Huko kwa Waajemi wenyewe neno hilo moja hutumika kwa ala ya seremala na kwa kile kibao cha mpishi cha kukwangulia karoti. Sisi tuliichukua maana ya seremala tukamwachia mpishi yake, kisha, kwa tabia ya lugha yetu ya kukipa uzazi kila inachokipokea, tukapata kupiga randa, na tukapata maranda, yaani zile tepe za mbao zitokazo katika kinywa cha ala hiyo, ambazo mfugaji wa kuku huja kuzichukua kwa magunia ili azitandaze bandani. Ingawa jina la ala yenyewe limekwisha kukaa vinywani kana kwamba limezaliwa pwani, viungo vilivyomo ndani yake, hasa katika randa ya chuma, aghalabu huitwa "hiki" na "kile", na fundi amfunzaye kijana kazi hulazimika kunyosha kidole pale ambapo neno lingalitosha.

Randa ninayoikusudia ni ile iliyoenea katika karakana nyingi za dunia, ambayo asili yake ni kazi ya Leonard Bailey wa Boston, Marekani, aliyeibuni katika karne ya 19, na ambayo kampuni ya Stanley ilizinunua haki zake mwaka 1869. Mwili wake ni chuma cha kusubu. Upande wa chini, ambao napenda kuuita wayo kwa kuwa ndio unaokanyaga mbao, umetobolewa kinywa chembamba. Na nyuma ya kinywa hicho kuna kipande kilichoinama kwa nyuzi 45, ambacho kisu hulala juu yake. Waingereza hukiita kipande hicho chura. Tukifuata tafsiri ya neno kwa neno tutampa mwanafunzi mnyama asiyekuwa na shughuli yoyote pale, ilhali kitako cha kisu ni jina linalojieleza lenyewe, wala sioni haja ya kulijadili zaidi.

Lililo na haja ya kujadiliwa ni jina la chuma cha pili, kilicholazwa juu ya kisu na kufungwa nacho kwa skrubu moja, chenye mdomo uliojipinda ukaja kugusa kisu karibu na makali. Chuma hiki si cha jana: mwaka 1767 Samuel Caruthers, mtengenezaji wa randa katika mji wa Philadelphia, alikwisha kutangaza gazetini kuwa anauza randa za chuma maradufu. Kwa Kiingereza kina jina moja lenye maana ya chuma cha kofia, na jingine lenye maana ya kivunja vibanzi. La kwanza lataja mahali kinapokaa tu, na mtu aliyeambiwa kofia ataiweka popote kichwani, mbele au nyuma, akidhani ni mamoja. La pili lina fadhili zaidi kwa kuwa lataja kazi, walakini naona limeikosa kazi hiyo kwa harufi moja, na hoja yangu ni kwamba tukiitengeneza harufi hiyo, neno la Kiswahili litakuwa sahihi kuliko lile lililotafsiriwa.

Maana hebu na tutazame yanayotukia kinywani mwa randa. Kisu kikisukumwa mahali ambapo nyuzi za mti zinazama chini mbele yake, makali hayakati peke yake. Ule utepe unaonyanyuka huwa mrefu na mgumu, nao huivuta mbao kwa nguvu ya wenzo, hata ufa ukatangulia mbele ya makali, ukazifuata nyuzi chini kwa chini, na utepe ukavunjika kwa ghafla na kuacha shimo. Huko ndiko kunyofoka kwa mbao, ambako hakuna msasa uwezao kukufuta bila ya jasho jingi. Sasa chuma cha pili kikiwa karibu sana na makali, utepe, kabla haujapata urefu wa kuvuta chochote, hukutana na mdomo wake uliosimama wima, ukakunjwa kuelekea juu pale pale ulipozaliwa, na nguvu ile ambayo ingaliupasua mti ikaishia katika mkunjo. Ufa hauna nafasi ya kutangulia. Huenda utepe ukavunjika-vunjika katika kukunjwa huko, na huenda usivunjike. Hiyo ni ziada. Kwa hiyo mimi nasema kikunjamaranda, wala si kivunjamaranda.

Yupo atakayenijibu kuwa kukunja ni kwa nguo na karatasi. Lakini fundi bati naye hukunja bati mchana kutwa, na seremala hukunja kiwiko akisukuma randa. Neno hili halijapata kuwa mali ya dobi peke yake.

Faida ya jina hilo humdhihirikia zaidi mtu mwenye ubao wa mvule mezani. Nyuzi za mvule zimefungamana: tabaka moja huelemea huku na tabaka la pili huelemea kule, hata katika upana wa ubao mmoja utakuta mstari unaokubali randa na jirani yake unaoikataa, na kuugeuza ubao kichwa chini hakuponyi neno, kwani kilichokuwa kibaya huwa kizuri na kizuri kikawa kibaya. Fauka ya hayo mvule huweza kuficha ndani yake vijiwe vya chokaa vinavyoyafisha makali kwa pigo moja. Mti wa namna hii hautaki nguvu za mkono, unataka kikunjamaranda kilichowekwa mahali pake.

Na mahali pake ni wapi? Kwa kazi ya kuparuza ubao mbichi kutoka msumenoni, ambapo maranda huwa manene, milimita 1.5 nyuma ya makali yatosha. Kwa kazi ya kumalizia, yapasa umbali ushuke hadi milimita 0.2 au pungufu, kiasi ambacho jicho halioni ila uzi mwembamba wa mng'aro kati ya mdomo na makali. Kabla ya hapo kisu kiwe kimekwisha kunolewa, mteremko wake nyuzi 25 kwa jiwe la duara na 30 pale kwenye ncha yenyewe, na upande wa pili uliolala uwe umesuguliwa juu ya kinoo mpaka ung'are, kwa kuwa hapo ndipo mdomo wa kikunjamaranda utakapokaa. Vibane viwili hivyo kwa vidole, uviinue kuelekea dirishani, utazame baina yao: ukiona mwanga hata wa unywele, ujue maranda yataingia humo, yajisokote, na kinywa kizibe baada ya hatua mbili, basi usugue mdomo huo kwa tupa laini au kwa kinoo hata giza likamilike. Katika kuvifunga, kilaze kikunjamaranda kimekingama juu ya kisu, kivute nyuma mbali na makali, ndipo ukigeuze kielekee sawa na kukisogeza mbele taratibu, kwani anayekiburuta juu ya makali huharibu kwa sekunde alichokinoa kwa nusu saa. Skrubu ikazwe nusu kwanza, umbali upimwe, ndipo ikazwe kabisa, maana kule kukaza kwa mwisho hupenda kukisukuma mbele kidogo.

Baada ya kurudisha vyote kitakoni na kufunga kibanio, kwa nguvu isiyozidi ya kidole gumba, pindua randa, utazame kwa kufuata wayo kutoka puani, na uzungushe gurudumu la shaba hadi mstari mweusi wa kisu uchungulie kinywani. Ukiwa umepindana, wenzo wa juu utaunyosha. Kama umezidi kutoka, rudisha kisu ndani kupita kiasi, kisha ukilete mbele tena, ili ulegevu wa uzi wa skrubu ubaki nyuma yake na kisu kisirudi kazini. Maranda ndiyo yatakayotoa hukumu: yakitoka yamejiviringa kama kawaida, kikunjamaranda kiko mbali na hakifanyi kazi, yakiruka juu yamenyooka, kimefika, yakitoka na makunyanzi kama manyoya ya kondoo na randa ikawa nzito mkononi, kimepita mpaka, kirudishwe nyuma kidogo. Wengi hapo hukimbilia kukisogeza kitako mbele ili kinywa kiwe chembamba. Hiyo nayo ni dawa ya kunyofoka, tena ya zamani, ila dawa mbili zikitiwa kwa pamoja maranda hukosa njia ya kutokea. Afadhali kitako kiachwe nyuma, kinywa kiwe wazi, na kazi kiachiwe kikunjamaranda.

Randa ndogo ya mkono mmoja, itumiwayo kwa vichwa vya mbao, haina chuma hiki kabisa. Kisu chake hulazwa chini zaidi, mteremko ukiangalia juu, na mteremko huo ndio unaoyapokea maranda. Anayeitafutia kikunjamaranda dukani atarudi mikono mitupu.