Upimaji wa floridi katika maji ya kunywa

Upimaji wa floridi ni uchunguzi wa kiasi cha kemikali hiyo katika maji ya kunywa. Kandokando ya Mlima Meru, mkoani Arusha, floridi hutoka kwenye miamba ya volkano na kuingia katika chemchemi na visima. Haina rangi wala harufu, hivyo maji kuwa maangavu si uthibitisho kwamba ni salama. Sampuli huwekwa kwenye chupa ya plastiki, si ya kioo, kisha hupimwa kwa elektrodi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto huota madoa ya kahawia. Ikizidi mno kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa, hata kupinda. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floridi hubaki. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe huinasa, lakini nao huchoka, kwa hiyo maji yaliyochujwa hupimwa tena.