Ontolojia: Kwa Nini Dafu Si Aina ya Nazi

Ontolojia ni neno la wanafalsafa, na kwao ni elimu ya kuwako: kipi kipo, na kipo kwa namna gani. Wataalamu wa kompyuta waliliazima, na mwaka 1993 Tom Gruber akalipa maana iliyoenea: maelezo bayana ya jinsi tunavyozifikiria dhana za uwanja fulani. Niliwahi kutaka kuiita kamusi ya dhana, nikaacha. Kamusi huzungumza na mtu anayejua mengi tayari. Ontolojia huzungumza na mashine isiyojua lolote.

Chukua tunda la mnazi. Huanza kidaka, likawa kitale, kisha dafu, koroma, mwishowe nazi. Mtu akifungua Protégé, programu ya kujengea ontolojia iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika utafiti wa tiba wa miaka ya 1980, atavutika kuliweka dafu chini ya nazi, kama aina yake. Halafu aseme, kwa haki kabisa, kwamba hakuna tunda lililo dafu na nazi kwa wakati mmoja, maana dafu hunywewa na nazi hukunwa. Akiiamuru programu ikague mantiki, dafu litageuka jekundu: kundi lisiloweza kuwa na kitu hata kimoja. Mashine haijakosea. Dafu ni hatua ya ukuaji, na hatua si aina. Kifuu nacho ni sehemu. Aina, hatua na sehemu: hayo ni mahusiano matatu, na kila moja lazima litajwe kwa jina lake.

Ontolojia ikishatiwa vitu halisi, mnazi huu wa shamba hili, huwa hazina ya maarifa. Nasema hazina, sisemi hifadhidata, kwa kuwa huweza kutoa hitimisho ambalo hakuna aliyeliandika.

Protégé ni programu huria. Kiswahili kimebarikiwa hapa: huria ni habari ya uhuru, bure ni habari ya bei. Yeyote anaweza kuusoma msimbo wake na kuubadilisha. Tena kila dhana hupewa kitambulisho chake, na majina hubandikwa juu yake kwa lugha yoyote, ya Kiswahili yakiwa na alama ya sw. Ninachohofia ni kuanza na mti wa dhana za Kiingereza, kisha kuubandikia majina yetu: kitale, dafu na koroma vitagombea tawi moja. Anayetaka kuijenga ontolojia ya mnazi na aketi kwanza na wakwezi, kabla hajaiwasha kompyuta.