Sababu ya Uji Usio na Sukari

Wanachama wanajua kwamba mwaka huu baadhi ya wazazi walituletea malalamiko juu ya uji wa shule yetu ya chekechea, kwa kuwa hautiwi sukari. Tumeona si haki kuwajibu kwa neno moja. Afadhali tueleze jambo hili lilikotoka.

Mtoto wa miaka minne akipelekwa shule, tumbo lake na meno yake huenda pamoja naye. Waingereza walijifunza hayo kwa shida. Kufikia mwaka 1900, zaidi ya watoto 40 katika kila 100 wa umri wa miaka mitatu hata mitano walikuwa wakikalishwa darasani. Mwaka 1905 wakaguzi wa kike waliandika kwamba mafunzo yale hayawafai wadogo hao, ndipo halmashauri zikapewa ruhusa ya kuwakataa. Lakini kumrudisha mtoto nyumbani hakumshibishi. Kwa maoni yetu, waliotenda la maana zaidi ni Bibi Margaret McMillan na dada yake Rachel. Mwaka 1910 walifungua zahanati ya watoto wa shule huko Deptford, London, ambako meno nayo yalitibiwa. Na mwaka 1914 wakaanzisha shule ya wadogo mahali pa wazi, penye chakula, maji ya kuoga na usingizi wa mchana.

Huku kwetu habari ilianza kwa mizani. John Boyd Orr, aliyekwisha kuonyesha huko Scotland kwamba watoto wanaopewa maziwa shuleni hukua upesi zaidi, alishirikiana na Dkt. John Gilks wa idara ya tiba ya Kenya, na taarifa yao ikatoka mwaka 1931. Waliwalinganisha Wakikuyu, walao nafaka na viazi, na Wamasai, walao maziwa, nyama na damu. Kwa wastani wanaume wa Kimasai walizidi kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na meno yao yalioza kwa uchache. Sisi twaisoma taarifa hiyo kwa tahadhari, maana sahani ya mtu haielezeki bila shamba lake na mshahara wake. Hata hivyo iliona jambo moja jema: wanawake wa Kikuyu, waliokula mboga za majani zaidi ya waume zao, hawakuachwa nyuma sana na wenzao wa Kimasai.

Mwaka 1979 Serikali ilianza kugawa maziwa ya bure mashuleni, yale ya Nyayo, na wengi wetu twaikumbuka pakiti yake ya pembe tatu. Baadaye mpango huo ulififia. Chai ya sukari, biskuti na peremende hazikufifia.

Vijidudu vya kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, nayo hula jino. Na meno ya utotoni, kwa kuwa gamba lake ni jembamba, huoza upesi. Wako wasemao kwamba hayo yatang'oka tu. Ni kweli, lakini magego ya utotoni hukaa hata miaka kumi au kumi na mmoja, na mtoto mwenye jino bovu hali vema wala halali vema. (Madoa ya kahawia wanayopata watoto wa Bonde la Ufa ni habari nyingine: hayo huletwa na floraidi iliyomo majini.)

Basi uji utaendelea kupikwa kwa unga wa wimbi, na maziwa yatatiwa kila tuyapatapo. Mwenye kupinga uamuzi huu na amletee katibu hoja yake kabla ya mkutano mkuu.