Ngozi ya Silikoni

Kutu ni hasara kwa mwenye jembe. Lakini iko kutu moja iliyoleta neema kubwa, nayo ni ya silikoni.

Transista ya aina itumikayo sana leo ni kama mfereji wa umeme wenye lango juu yake. Lango likitiwa umeme, mfereji hufunguka. Umeme ukiondolewa, hufungika. Lakini umeme wa lango haufai kuvujia mferejini. Kwa hiyo lazima kiwepo kihami kati yake, yaani utando usiopitisha umeme, nao ukiwa mwembamba ndipo lango hutawala vyema.

Mwaka 1945 William Shockley, wa maabara ya Bell huko Marekani, alijaribu kutengeneza kitu cha namna hiyo akashindwa. John Bardeen akaeleza sababu mwaka uliofuata: elektroni zilinaswa usoni mwa madini, zikalizuia lango lisitawale ndani. Transista ya kwanza, ya mwaka 1947, ilifanywa kwa njia nyingine, tena kwa gemaniamu, ambayo kutu yake huyeyuka majini.

Mwaka 1955 Carl Frosch na Lincoln Derick walikuwa wakichoma vipande vya silikoni katika tanuri, mle mle Bell. Kwa ajali hidrojeni ikashika moto, na mvuke wa maji ukaingia tanurini. Vipande vilipotolewa vilikuwa vimevaa utando kama kioo. Wengine wangalivitupa, wao wakavichunguza. Hatimaye Mohamed Atalla, mzaliwa wa Misri, na Dawon Kahng, mzaliwa wa Korea, wakautumia utando wa namna hiyo kuutuliza uso wa silikoni, na mwaka 1960 transista yao yenye lango ikatangazwa.

Tangu hapo utando ukapunguzwa mwaka hata mwaka, hata ukafikia nanomita 1.2, yaani atomi chache tu. (Gawa milimita moja mara milioni, upate nanomita.) Hapo elektroni hupenya. Mwaka 2007 Intel ikaleta utando wa oksidi ya hafiniamu, mnene zaidi bila kulipunguzia lango nguvu.

Sasa watu wataka mfereji wenyewe uwe mwembamba. Mwaka 2011 kundi la Andras Kis, huko Lausanne, Uswisi, lilitumia tabaka moja la molibdeni na salfa, unene wake nanomita 0.65. Lakini kihami chake kilikuwa nanomita 30! Karatasi ya namna hiyo haina mikono ya kushikia kitu kingine. Utando wa hafiniamu ukianza kujengwa juu yake hukusanyika vidonge vidonge, kama maji juu ya jani la nduma, ukaacha matundu. Hauzibiki ila ukiwa mnene.

Basi wengine wakaitafuta karatasi yenye kutu yake yenyewe. Mwaka 2020 kundi la Hailin Peng, wa Chuo Kikuu cha Peking nchini China, lilieleza juu ya moja ya bismathi, oksijeni na seleniamu: ikichomwa, tabaka zake za juu hugeuka kihami na za chini hubaki mfereji. Kazi ni kuutuliza moto kwa wakati wake, kwani ukizidi, karatasi yote hugeuka kihami, pasibaki mfereji.