Msimu wa mapumziko: mazoezi ya mwendesha baiskeli wa mashindano Mbeya na Iringa

Msimu wa mapumziko ni ile miezi isiyo na mbio za maana, ambapo mwendesha baiskeli anaujenga mwili upya kwa ajili ya mwaka unaofuata. Ulaya huanza Oktoba, mashindano ya Il Lombardia yakishapita. Kwetu Nyanda za Juu Kusini, mvua ndiyo inayopanga ratiba: inaanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na kule Rungwe inafika Mei.

Hapo ndipo kazi ilipo. Mtu anayelenga mbio kama Tour du Rwanda, zinazofanyika kuelekea mwisho wa Februari, anatakiwa kujenga pumzi katikati ya mvua.

Kwanza, ipumzishe baiskeli

Wiki mbili za mwanzo usifuate ratiba yoyote. Tembea, cheza mpira kidogo, lala vya kutosha. Usizidishe sana lakini, maana pumzi huanza kushuka baada ya siku 10 hadi 14 bila mazoezi kabisa.

Kazi ngumu ni kwenda polepole

Wiki 6 hadi 10 zinazofuata ni za safari ndefu na nyepesi. Kipimo hakihitaji saa ya bei mbaya: kama unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, uko sawa. Kama unajibu "ndiyo" na "hapana" tu, umezidisha.

Safari hizi huongeza mishipa midogo ya damu kwenye misuli na kuufundisha mwili kutumia mafuta, ili wanga ubaki kwa ajili ya dakika za mwisho za mbio.

Shida ni kwamba Mbeya haina barabara ya polepole. Jiji lenyewe liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Uyole kwenda Tukuyu unaanza na mlima hadi Isyonje. Barabara ya Chunya ndiyo usiseme, inapita zaidi ya mita 2,400. Kwenye milima hiyo hata ukijizuia, moyo unadunda kama uko kwenye mashindano. Matokeo yake vijana wengi wanashindana kila Jumamosi mwezi wa kumi na mbili, wanapigiwa makofi na wenzao, halafu mbio zenyewe zikifika miguu imekwisha.

Dawa ya kwanza ni gia: weka nyuma gia kubwa kabisa ya kupandia, na usione aibu mwenzako akikupita. Dawa ya pili ni kuifuata tambarare. Pakia baiskeli kwenye Coaster hadi Chimala au Igawa, wilayani Mbarali, uendeshe huko kwenye mashamba ya mpunga. Ila hiyo ni barabara ya TANZAM, yenye malori ya Zambia na Kongo. Toka alfajiri kukishapambazuka, washa taa ya nyuma hata mchana, na msiende wawili wawili.

Iringa wana bahati zaidi. Barabara ya Dodoma kupitia Mtera ni ya lami, haina msururu wa malori kama TANZAM, na kadiri unavyoshuka ndivyo mvua inavyopungua. Kumbuka tu kwamba kurudi ni kupanda, kwa hiyo geuza kabla hujachoka. Kipande cha kutoka Ipogolo kupanda mjini kiache kwanza, utakihitaji baadaye. Kitonga usiende kabisa kufanya mazoezi. Kona zile na malori yale havimwachii mwendesha baiskeli nafasi.

Faida ya kuishi juu

Juu hewa ni nyepesi. Mbeya mgandamizo wake ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Figo hujibu kwa kutoa homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu. Biniam Girmay, aliyeshinda jezi ya kijani ya Tour de France mwaka 2024, anatoka Asmara, mji ulio zaidi ya mita 2,300. Lakini mwinuko peke yake hauleti ushindi, la sivyo kila mbeba viazi wa Uyole angekuwa na jezi yake.

Tena una gharama: hewa ikiwa nyepesi huwezi kukanyaga kwa nguvu zako zote. Ndiyo maana wiki za mwisho, mazoezi ya kasi ni bora uyafanyie Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ambako ni kama mita 500 tu. Unalala juu, unakimbia chini.

Siku ambayo mvua haikatiki

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukungu wa Isyonje unaweza kukuficha usionekane na dereva aliye mita 30 nyuma yako. Breki za mpira kwenye rimu iliyolowa huchelewa kushika. Siku hiyo baki nyumbani.

Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga ni karibu kilo 30. Ikumbatie, chuchumaa na kuinuka mara 10, pumzika, rudia mara nne. Mara mbili kwa wiki inatosha kabisa kuimarisha mapaja na kiuno.

Chakula usikate. Ugali, wali, maharage, viazi, maziwa na parachichi vyote vina kazi. Safari ikizidi saa moja na nusu, ndizi mbivu mbili kila saa zinakupa gramu 50 hivi za wanga.

Kila baada ya wiki nne jipime kwenye mlima uleule, kwa gia ileile na muda uleule. Hesabu mapigo ya moyo ukifika juu. Yakiwa yamepungua, anza sasa kile kipande cha Ipogolo: dakika nne kwa nguvu, shuka polepole, rudia mara nne. Kama hayajapungua, endelea na safari nyepesi wiki mbili zaidi.